Bonds nje, Selig ndani: ukuta wa Cooperstown ni wa nani?

Desemba 2025 wajumbe 16 walikutana kuamua nani kati ya wakongwe wanane aingie Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli, ulioko Cooperstown, mji mdogo katika jimbo la New York, ambako kila anayeingia hutundikiwa bamba ukutani. Jeff Kent alipata kura 14, akapita. Barry Bonds hakufikisha hata tano. Wawili hawa walivaa jezi moja ya San Francisco Giants kwa misimu sita, na mwaka 2002 kamera ziliwanasa wakisukumana kwenye benchi. Kent alikuwa mpigaji hatari. Hakuna mlinzi wa kituo cha pili aliyemzidi kwa homurani, yaani pigo linalompa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote vinne, na msimu wa 2000 alitwaa tuzo ya mchezaji bora, Bonds akishika nafasi ya pili. Lakini ukiutoa msimu huo mmoja, sidhani kama kuna aliyewatazama wakicheza akabaki na shaka ni yupi kati yao aliyewanyima warushaji usingizi.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, utaratibu uko hivi. Mchezaji akishastaafu miaka mitano, jina lake hupelekwa kwa waandishi wa habari wenye uanachama wa miaka kumi au zaidi katika chama cha waandishi wa besiboli. Kila mmoja anaweza kuchagua majina yasiyozidi kumi. Anayepata asilimia 75 anaingia, anayekosa asilimia 5 anaondolewa, na nafasi ya kujaribu hudumu miaka kumi tu. Akishindwa hapo, hubaki na kamati ndogo ya watu 16 kama ile ya Desemba. Na kuna sharti moja ambalo ndilo chanzo cha ugomvi wote: mpiga kura anatakiwa kupima takwimu na kipaji cha mchezaji, na pia uadilifu wake, uanamichezo wake na tabia yake.

Bonds alipiga homurani 762, rekodi ya muda wote, zikiwemo 73 katika msimu wa 2001 pekee. Alikuwa mchezaji bora mara saba. Roger Clemens, mrushaji, alishinda mechi 354 na tuzo saba za Cy Young, ile ya mrushaji bora wa msimu. Katika mwaka wao wa mwisho mbele ya waandishi, 2022, Bonds alipata asilimia 66.0 na Clemens 65.2. Kilichowakwamisha ni tuhuma za dawa za kusisimua misuli. Ripoti ya Mitchell ya Desemba 2007, ya uchunguzi ulioagizwa na ligi yenyewe, ilitaja wachezaji 89, wao wakiwemo. Wote wawili wamekana kutumia dawa hizo kwa kujua. Wote walifikishwa mahakamani kwa madai ya kusema uongo kuhusu jambo hilo, na hakuna aliyebaki na hatia: Clemens aliachiwa mwaka 2012, na hukumu ya Bonds ya kuzuia haki isitendeke ilifutwa mwaka 2015.

Wanaowakataa wana hoja nzito kuliko inavyosemwa na mashabiki wa San Francisco. Mtazame Fred McGriff. Aliongoza moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu kwa homurani mwaka 1989 akiwa na 36, na tena mwaka 1992, katika ligi ile nyingine, akiwa na 35. Miaka michache baadaye wenzake walianza kupiga 60, kisha 70, na takwimu za McGriff, ambaye hajawahi kuguswa na tuhuma, zikaonekana za mtu wa kawaida. Alimaliza na 493. Alikaa miaka kumi kwenye karatasi ya waandishi bila kufikisha hata asilimia 40. Ni Desemba 2022 tu ndipo kamati ilipompa kura zote 16. Hasara ya dawa, basi, haikuishia kwenye vitabu vya rekodi. Ilimfikia mtu mwenye jina na sura, ikamgharimu miaka ya heshima na huenda hata mikataba. Joe Morgan, mmoja wa walinzi bora wa kituo cha pili katika historia, aliwaandikia wapiga kura mwaka 2017 akiwaomba wasiwafungulie mlango watumiaji wa dawa. Alikuwa akiwasemea watu kama McGriff.

Tena kuna jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunalijua vizuri kupitia riadha. Rashid Ramzi wa Bahrain alipokutwa na dawa baada ya Olimpiki ya Beijing, dhahabu yake ya mita 1500 ilihamia kwa Asbel Kiprop wa Kenya, ambaye miaka kadhaa baadaye naye alifungiwa kwa kosa la aina hiyo hiyo. Riadha ina ukatili wake, lakini angalau medali hurudishwa. Besiboli haifuti kitu. Homurani 762 za Bonds zimebaki 762. Kwa hiyo anayemnyima kura anasema: rekodi ameachiwa, fedha ameachiwa, sifa ya ukutani ndiyo adhabu pekee iliyobaki.

Hoja hiyo ningeikubali kama adhabu ingegawanywa kwa haki. Mwaka 1994 mgomo ulisitisha msimu na fainali za kitaifa zikafutwa, mashabiki wakasusa. Mwaka 1998 Mark McGwire na Sammy Sosa wakashindana kuivunja rekodi ya homurani, viwanja vikajaa, na ligi ikajitangaza kwa mbio hizo. McGwire alimaliza na 70, na mwaka 2010 akakiri kuwa alitumia dawa. Kamishna wa ligi wakati huo wote alikuwa Bud Selig. Kocha wa McGwire alikuwa Tony La Russa. La Russa aliingizwa Cooperstown mwaka 2014. Selig akachaguliwa Desemba 2016. Yaani bwana mwenye shamba amepewa nishani kwa mavuno, na waliolima wakaambiwa jembe lao lilikuwa najisi. Baada ya kura ya Selig baadhi ya waandishi walisema wazi kwamba hawaoni tena sababu ya kuwazuia wachezaji, na kura za Bonds na Clemens zikapanda. Nadhani walikuwa sahihi.

Wapo wanaosema dawa hazikuwa zimekatazwa enzi hizo. Hilo si kweli. Kamishna Fay Vincent alitoa waraka wa kuzikataza mwaka 1991, na kabla ya hapo sheria ya Marekani ilikuwa imekwisha kuzibana. Kilichokosekana ni vipimo na adhabu. Vipimo vya majaribio, visivyotaja majina, vilifanyika 2003, na adhabu zikaanza 2004. Kwangu mstari unapita hapo. Alex Rodriguez, mwenye homurani 696, alifungiwa msimu mzima wa 2014. Manny Ramirez, mwenye 555, alinaswa mara mbili, 2009 na 2011. Hawa walijua kuna kipimo, wanajua kuna adhabu, chama chao cha wachezaji kimeridhia, na bado wakafanya. Bonds na Clemens hawajawahi kufungiwa na ligi hata mechi moja kwa ajili ya dawa. Kuwaweka kapu moja na Rodriguez ni uvivu.

Najua mstari wangu unavuja. Utawanufaisha waliokuwa werevu wa kujificha, na McGriff hapati fidia. Ila mbadala wake ni kile kilichotokea 2022: David Ortiz aliingia mara ya kwanza tu jina lake lilipofika, kwa asilimia 77.9, ingawa gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2009 kwamba alikuwa miongoni mwa waliokutwa na dawa katika vipimo vya 2003. Kamishna Rob Manfred amesema matokeo hayo yalikuwa na utata, na huenda ni kweli. Lakini Ortiz ni mcheshi, kipenzi cha Boston, na Bonds alikuwa akiwajibu waandishi kwa dharau. Waandishi ndio wapiga kura. Tusijifanye hatuoni.

Kuhusu Bonds, ongeza hili: wanaodai alitumia dawa husema alianza baada ya kuona sherehe za McGwire na Sosa. Tuwaamini. Hadi mwisho wa 1998 alikuwa tayari na homurani 411, mtu wa kwanza katika historia kuvuka 400 huku akiiba vituo, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri pigo, zaidi ya mara 400, na tuzo tatu za mchezaji bora. Hiyo peke yake inatosha kumwingiza.

Pete Rose ni kesi nyingine kabisa, ingawa watu hupenda kuzifunga pamoja. Alifikisha kituo kwa mapigo 4,256, rekodi ambayo haijavunjwa, kisha akafungiwa maisha Agosti 1989 kwa kubeti mechi za Cincinnati Reds akiwa kocha wao. Alikana kwa takriban miaka 15, akakiri mwaka 2004. Watetezi wake husema hakuna ushahidi kwamba aliwahi kubeti timu yake ifungwe, na kwamba ligi yenyewe sasa inashirikiana na kampuni za kubeti. La pili ni aibu ya kweli kwa ligi. La kwanza halinishawishi: kocha anayeweka fedha Jumanne na asiweke Jumatano amewapa wenye kamari habari, na anaweza kumchosha mrushaji leo kwa sababu deni lake ni la leo. Tofauti na dawa za miaka ya tisini, hapa katazo, lililotokana na kashfa ya 1919 ya wachezaji wa Chicago waliotuhumiwa kuiuza fainali kwa wacheza kamari, lilibandikwa vyumba vya kuvalia, na adhabu ilijulikana na kila mtu. Rose alicheza misimu 24 chini ya bango hilo.

Alifariki Septemba 30, 2024. Mei 2025 Manfred aliamua kwamba kifungo cha maisha huisha na maisha, hivyo Rose na Joe Jackson, mchezaji wa ile timu ya 1919, wakaruhusiwa kujadiliwa. Kamati inayowahusu itakaa Desemba 2027.

Cooperstown haikosi watu wenye doa. Jaji Landis, kamishna ambaye kwa karibu robo karne ya utawala wake hakuna mchezaji mweusi aliyeruhusiwa ligi kuu, yumo tangu 1944. Josh Gibson, aliyenyimwa ligi hiyo kwa sababu ya rangi na kufariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajaingia uwanjani kuuvunja ubaguzi huo, alisubiri hadi 1972. Anayetaja sharti la tabia kana kwamba limekuwa likitumika kwa usawa anapaswa kwanza kusimama mbele ya bamba la Landis.

Na katika makumbusho ya jengo hilo hilo umo mpira wa homurani ya 756 ya Bonds, ile iliyovunja rekodi mwaka 2007. Mbunifu wa mavazi Marc Ecko aliununua kwa zaidi ya dola 750,000, akauliza umma afanye nini, kisha akauchapa alama ya nyota, ishara ya shaka, na kuukabidhi. Mpira umepokelewa na doa lake. Mpigaji angepokelewa vivyo hivyo, bamba likisema alipiga ngapi na zama zake zinatuhumiwa nini.

Kanuni mpya inasema aliyepata chini ya kura tano mbele ya kamati haruhusiwi duru inayofuata, kwa hiyo Bonds na Clemens, ambaye naye Desemba 2025 hakuzifikisha, hawawezi kujadiliwa tena kabla ya Desemba 2031. Wakikosa tano kwa mara ya pili, mlango unafungwa moja kwa moja. Bonds atakuwa na miaka 67, Clemens 69. Kwa kalenda hiyo Rose ana nafasi ya kuwatangulia ukutani kwa miaka minne, yeye ambaye kati ya watatu hao ndiye pekee aliyefungiwa na mchezo wenyewe.