Hakuna Simba Aliyenikimbiza

Simu yangu haipoi. Watu niliosoma nao shule ya msingi wananitumia picha za simba. Maana yake yule rafiki yangu niliyesafiri naye ameshawasimulia kwamba nilishuka kwenye basi katikati ya Mikumi, suruali mkononi, simba nyuma. Wadau, suruali haikutoka mahali pake. Simba hakuwepo. Hayo mengine, basi tena, ni kweli.

Safari ilikuwa ya kupeleka posa Iringa, hilo mnalijua. Msichokijua ni kwamba choo kilikuwa kimefunga siku kadhaa. Pale kazini choo kimepakana na meza ya bosi, na ukuta wenyewe ni mbao, hata ukikohoa anasema pole. Kwa hiyo nabana mpaka nifike nyumbani, na nikifika haja yenyewe imeshakata tamaa. Daktari alinieleza kistaarabu: utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji, ukibana wenyewe unaendelea kunyonya, kinachobaki ni tofali. Akaniuliza nakunywa maji kiasi gani, mboga nakula lini, kuna damu, nimepungua uzito? Nikamjibu yote huku nimekazia macho kalenda ya ukutani.

Duka la dawa ndiyo usiseme. Binti kapaza sauti foleni nzima isikie: "Ya kulainisha choo? Ya kwako au ya mtoto?" Nikasema ya bibi. Akanipa bisacodyl, akasema bibi ameze usiku, itafanya kazi baada ya masaa 6 mpaka 12, na asimeze na maziwa.

Nikameza usiku wa manane, nimeshafunga begi. Alfajiri tuko stendi ya Magufuli pale Mbezi, kimya. Tumefika Msamvu, stendi ya Morogoro, kimya. Nikajua nimeuziwa feki, nikanunua juisi ya ukwaju, chupa kubwa, nikaimaliza yote. (Mnaocheka hapo, nawaona.)

Kwa msioijua njia hiyo: barabara ya Iringa inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 hivi. Kushuka marufuku. Basi linapunguza mwendo, matuta kila mahali, na dereva akigonga mnyama anatozwa faini, kila mnyama na bei yake.

Tumeingia tu hifadhini, tumbo likasema nguuu.

Nikadhani ni injini. Likarudia, safari hii likashuka chini kabisa, likasimama mlangoni likisubiri kufunguliwa. Jasho likaanza kwenye kope. Sikujua kama kope zinatoa jasho. Nikakunja vidole vya miguu ndani ya viatu vya posa. Tuta. Nikashika kiti cha mbele. Tuta lingine. Nikaanza kusali sala ambazo si za dini yangu.

Mara mtu akapiga kelele, "Twiga!" Na twiga, kwa bahati yangu, walikuwa upande wa dirisha langu. Basi zima likanihamia. Mama wa jirani hakuniomba hata ruhusa, akampakata mwanawe juu ya tumbo langu ili amwone twiga vizuri. Mtoto akatazama, akatulia, akageuka.

"Mama, tumbo la anko linaongea."

Nikamnong'oneza baba mdogo, aliyekaa nami akiwa na barua ya posa mfukoni. Tatizo sikio lake moja limechoka.

"Choo? Umekosa choo?"

"Nimekipata, baba. Ndiyo shida."

Akasimama. Mzee mstaafu, koti lake la heshima, akashika bomba: "Dereva! Kijana wangu hajaenda haja tangu wiki iliyopita, sasa imekuja yote!"

Konda akanitazama kwa huruma. "Kaka, hapa unachimba dawa au unachimbiwa kaburi?"

Kicheko chake mpaka dereva alishika breki. Nyuma yangu rafiki yenu anarekodi. Nikasema ardhi ipasuke, nikakumbuka ikipasuka nitalazimika kuachia.

Halafu sauti ya mama mmoja kiti cha nyuma: "Mwacheni. Mimi nina bawasiri tangu mimba ya pili, nani aliniona nacheka?" Kaka mwenye tai akasema na yeye wiki hii bado. Dada akauliza dawa inaitwaje, nimtajie herufi kwa herufi. Mzee mmoja akamfundisha yule kaka aweke kigoda chini ya miguu kama choo chake ni cha kukaa, magoti yapande. Ubishi ukazuka kati ya papai na ubuyu. Na mimi, nyie, nimebana nachangia mada: naunga mkono papai!

Mikumi mjini basi halijasimama vizuri nimeshuka. Konda ananifungulia njia, "Pisheni, mgonjwa!" Mlinda choo nimempa elfu kumi, chenji yake sikuisubiri. Niliporudi walinipigia makofi. Posa imepokelewa, mahari inazungumzika.

Ila baba mdogo sasa kila asubuhi ananipigia, salamu haijaisha keshauliza. Leo kanikuta ndani ya daladala, kidole kikateleza kwenye spika: "Vipi mwanangu, choo?"

Daladala kimya.

"Nimepata, baba. Tena laini."

Konda akasema hongera, akasahau kunidai nauli.