Kiunzi cha Mfupa Kutoka kwenye Printa: Umbo Limepatikana, Damu Je?

Mfupa uliovunjika hujiunga wenyewe ukipangwa vizuri na kutulizwa, lakini pengo likiwa kubwa mno mwili hushindwa kulijaza. Hapo daktari mpasuaji huchukua mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuupandikiza penye pengo. Njia hii ndiyo inayoaminika zaidi hadi leo, kwa kuwa mfupa huo huja na seli hai, ila humwachia mgonjwa kidonda cha pili ambacho huweza kumuuma kwa miezi, na nyonga yenyewe haina akiba ya kujaza kila pengo.

Wanaotaka hospitali za Malindi na Lamu zielekee kwenye uchapaji wa pande tatu (3D) huanzia kwenye udhaifu huo. Kompyuta husoma picha za skani, ikachora sehemu iliyopotea, kisha printa ikaijenga tabaka juu ya tabaka kwa kalsiamu fosfeti, madini yanayofanana na ya mfupa, au kwa plastiki inayoyeyuka mwilini, kama vile polikaprolaktoni. Kiunzi hicho huwa na matundu yanayopitana, mara nyingi ya mikromita mia chache (mikromita elfu moja ni milimita moja), ili seli na mishipa ya damu iote ndani yake, nacho kiyeyuke pole pole kama jukwaa la waashi linalovunjwa ukuta ukishasimama.

Kwetu sisi wa mwambao ipo hoja nyingine yenye uzito. Tangu miaka ya 1970 wanasayansi walijua kwamba matumbawe yana matundu yanayofanana sana na ya mfupa, wakayageuza kwa joto na shinikizo kuwa haidroksiapatiti, madini yaliyo karibu sana na yale ya mfupa wetu, na mwaka 1992 kipandikizi cha aina hiyo kiliidhinishwa Marekani. Printa hutoa matundu hayo bila mtu kugusa mwamba, jambo ambalo wakazi wa Malindi, mji wenye hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, wana kila sababu ya kulithamini.

Hata hivyo, nadhani watetezi hawa wanajibu swali la umbo, ilhali kwa majeruhi wengi swali ni la damu na vijidudu. Mfikirie kijana wa bodaboda aliyevunjika muundi na mfupa ukatokeza nje, kidonda kikaingia vumbi la barabarani. Kiunzi kilichochapwa hakina uhai. Seli zilizo mbali na mshipa wa damu, hata kwa sehemu ndogo tu ya milimita, hufa kwa kukosa oksijeni, na mishipa mipya huchukua muda kufika katikati ya pengo refu. Wakati huo wote kiunzi huwa ni kitu kigeni, na vijidudu vikishakishika ni vigumu kuviondoa bila kukitoa chenyewe. Tena kadiri matundu yanavyoongezwa ili damu ipite, ndivyo nguvu ya kubeba uzito inavyopungua: kalsiamu fosfeti huvunjika kama kigae, na plastiki hupinda. Chuma cha titani kingehimili uzito huo, lakini hakiyeyuki mwilini.

Liko pia jambo la kawaida kabisa la chumba cha upasuaji, nalo husahaulika. Polikaprolaktoni huyeyuka kwa joto la nyuzi 60 hivi za selsiasi, na mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu hufanya kazi kwenye nyuzi 121 au zaidi. Kiunzi hicho kinahitaji gesi maalumu au mionzi, kwa hiyo kununua printa peke yake ni kununua nusu ya kazi.

Kwa muundi wa namna hiyo ningechagua kwanza njia ya daktari mpasuaji Mfaransa, Masquelet: kidonda husafishwa barabara, pengo hujazwa saruji ya mifupa yenye dawa ya kuua vijidudu, na baada ya wiki kadhaa mwili unapokuwa umejenga utando wenye mishipa ya damu kuizunguka, saruji hutolewa na mfupa wa mgonjwa kupandikizwa. Viunzi vilivyochapwa vimeanza kutumiwa pamoja na njia hiyo nchini Australia, kwa wagonjwa wachache, na bado hujazwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe.

Taya na fuvu ni habari nyingine. Huko umbo ndilo tatizo lenyewe, uzito ni mdogo na damu ni nyingi. Singapore wamekuwa wakiziba matundu ya fuvu kwa vizibo vya polikaprolaktoni kwa miaka mingi. Kwa mgonjwa aliyekatwa taya kwa sababu ya uvimbe, hata printa ya bei nafuu inaweza kutoa mfano wa taya lake, na daktari akakunja bamba la chuma juu ya mfano huo kabla ya kumlaza mgonjwa mezani. Mfano huo hauingii mwilini, na muda wa upasuaji hupungua. Hapa ndipo fedha za kaunti zingefaa kuanza.

Viunzi vyenyewe vikija, bajeti ihesabu pia miaka miwili au mitatu ya kumfuatilia mgonjwa kwa eksirei mpaka plastiki iishe mwilini. Mtu wa Faza, katika kisiwa cha Pate, akilazimika kuvuka bahari hadi Lamu kwa picha hizo na asiporudi, hakuna atakayejua kama mfupa uliota au kiunzi kiliyeyuka na kuacha pengo. Nauli yake iandikwe katika bajeti ileile ya printa.