Mwacheni kijana aitafute sauti yake mapema

Walimu wengi wa selo, ile ala ya nyuzi nne inayofanana na fidla kubwa, wana kauli moja wanayowapa wanafunzi: kwanza piga noti sawasawa, sauti yako itakuja yenyewe ukishakomaa. Mimi siafiki. Nimewasikia vijana waliosubiri hivyo. Vidole vinakimbia, kila noti imekaa mahali pake, lakini ukifumba macho huwezi kujua anayepiga ni yupi kati yao. Sauti hutafutwa, na wakati wa kuitafuta ni uleule wa kujifunza kushika upinde, yaani ufito wenye nywele unaovutwa juu ya nyuzi.

Nautaja upinde makusudi. Kijana akiambiwa atafute sauti yake, mkono wa kushoto ndio unaoanza kuhangaika: kidole kinatikiswa juu ya uzi kwa nguvu, vibrato nene tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho. Kumbe sauti ya selo huzaliwa mkono wa kulia: uzito unaouachia upinde, kasi ya kuuvuta, na umbali wake kutoka kwenye kidaraja, kile kibao kinachoinua nyuzi. Chukua uzi wa C, ule mnene kuliko wote. Vuta upinde karibu na kidaraja, polepole, mkono ukiwa mzito. Inatoka sauti nzito yenye ukali, na kwa kuwa ukingo wa selo umeegemea kifua chako, unaihisi mwilini. Sasa sogeza upinde kuelekea ubao wa vidole, ongeza kasi, punguza uzito. Uzi ni uleule, noti ni ileile, lakini sauti imekuwa nyepesi, karibu na pumzi. Ukikosea uwiano, uzi unakwaruza au unalia mluzi. Kati ya ncha hizo mbili pana nafasi kubwa mno, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuizunguka bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Pablo Casals, mpigaji selo mashuhuri kutoka Hispania, hakusubiri. Enzi za utoto wake, wanafunzi walifundishwa kubana kitabu kwapani ili kiwiko cha kulia kisiachane na mwili. Aliukataa mtindo huo, akauachia mkono wake huru, na upigaji wa selo ukabadilika. Mwaka 1890, akiwa na miaka 13, alizikuta suti (mikusanyo ya vipande vya muziki) alizotunga Bach kwa selo peke yake, katika duka la vitabu vikuukuu vya muziki mjini Barcelona. Alizifanyia kazi miaka 12 kabla ya kuthubutu kupiga moja mbele ya watu. Ninachokipenda hapo ni kwamba utafutaji ulianza akiwa kijana mdogo, hata kama matunda yalichelewa.

Tatizo la leo ni wingi wa rekodi. Mpigaji selo Mwingereza Jacqueline du Pré alirekodi kazi ya mtunzi Elgar ya selo na okestra mwaka 1965, akiwa na miaka 20 tu, na hadi leo vijana huiga hata zile sehemu anazoteleza kidole kutoka noti moja kwenda nyingine. Kuiga si dhambi; sikio hujifunza kwa kuiga. Ila anayemsikiliza mpigaji mmoja tu ataishia kuwa nakala yake hafifu. Basi amsikilize du Pré, kisha Casals, kisha Sheku Kanneh-Mason, kijana wa Nottingham aliyeshinda shindano la wanamuziki vijana la Uingereza, BBC Young Musician, mwaka 2016 kwa kupiga kazi ya mtunzi Mrusi Shostakovich, halafu mwaka 2018 akaweka wimbo wa Bob Marley katika albamu yake ya kwanza. Wote watatu wanapiga chombo kimoja, na hakuna anayefanana na mwenzake.

Na kwa kijana wa Unguja kuna utajiri mwingine. Katika taarabu asilia selo hukaa pamoja na fidla, udi na ganuni, na ubao wake hauna vigawio kama vya gitaa, kwa hiyo kidole kinaweza kusimama katikati ya noti mbili za piano, pale maqamu, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, inapotaka. Sikio lililokulia humo linajua sauti ambazo mwanafunzi wa Ulaya huenda hajawahi kuzihitaji. Inaniuma sana mwalimu anapomfundisha mtoto huyo kuziona kama noti zilizopotoka.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Acheni kuandika namba za vidole juu ya kila noti, zinazomwamulia mwanafunzi kidole na uzi wa kutumia. Wimbo mmoja unaweza kupigwa kwenye uzi wa A, ukang'aa, au juu zaidi kwenye uzi wa D, ukawa na giza na joto. Achieni walau mistari miwili bila namba, mwanafunzi ajaribu njia zote mbili, achague, kisha mwulizeni kwa nini amechagua hiyo.