Kila Sanamu ya Marekani Ina Tarehe Mbili

Mwanafunzi aliyepata wiki moja ya likizo Washington kwa kawaida huenda na orodha: Ikulu, Bunge, Lincoln kwenye kiti chake, picha kadhaa, kisha basi la kurudi chuoni. Akikaa kuandika, hunakili yaliyokuwa kwenye vibao. Nami naona hapo ndipo historia ya Marekani inapomponyoka, kwa sababu kibao nacho kiliandikwa na mtu mwenye lake moyoni. Mgeni anayetaka kuielewa nchi hii aache kwanza mwaka wa tukio, atafute mwaka sanamu ilipowekwa na aliyetoa fedha. Mwaka wa tukio unahusu marehemu. Mwaka wa sanamu unahusu waliokuwa hai na walichokitaka.

Mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii ni Lincoln Park, bustani ambayo watalii wengi hawaifiki. Shuka kituo cha metro cha Eastern Market, panda kaskazini hadi East Capitol Street, kisha geuka kulia na kulipa Bunge mgongo. Bustani inaanzia mtaa wa 11 na kuishia wa 13. Kwa miguu ni kama dakika 20. Humo utamkuta Lincoln amesimama, mkono wa kulia umeshika Tangazo la Ukombozi, amri yake ya urais ya kuwaweka watumwa huru, wa kushoto umenyooshwa juu ya mtu mweusi aliyepiga goti, kifua wazi, minyororo imekatika mikononi. Usipige picha bado. Sogea usome bamba la shaba lililo kwenye kitako.

Bamba linasema kwamba fedha zote zilitolewa na watu waliokuwa watumwa, na kwamba mchango wa kwanza, dola 5, ulikuwa wa Charlotte Scott, mwanamke wa Virginia, kutoka kwenye ujira wake wa kwanza akiwa huru. Aliutoa siku aliyosikia Lincoln ameuawa. Hapa wengi hufunga daftari wakiwa wameguswa. Rudi usome mstari wa aliyesimamisha: ni shirika la St. Louis, Western Sanitary Commission, lililoendeshwa na wazungu. Waliochanga hawakuulizwa sanamu iweje. Aliyepigishwa goti alichongwa kwa sura ya Archer Alexander wa Missouri, mtu aliyetoroka utumwani kwa miguu yake mwenyewe mwaka 1863. Tena Tangazo la tarehe 1 Januari 1863 halikuigusa Missouri kabisa. Lilihusu tu majimbo yaliyoasi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na Missouri ilikuwa jimbo la watumwa lililobaki upande wa serikali. Kwa hiyo mtu aliyejikomboa anaonyeshwa akikombolewa, kwa karatasi isiyomhusu. Hilo hulioni ukitazama sanamu peke yake.

Sanamu ilizinduliwa tarehe 14 Aprili 1876, miaka 11 kamili tangu Lincoln apigwe risasi, Rais Grant akiwa amekaa pale. Msemaji mkuu alikuwa Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland. Badala ya kumwaga sifa tupu, aliwaambia wazungu waliohudhuria kwamba wao ndio watoto wa Lincoln, na watu weusi, ikizidi sana, ni watoto wake wa kambo. Siku chache baadaye akaandikia gazeti moja la mjini barua iliyosahaulika hadi wanahistoria walipoiibua mwaka 2020: kwamba kabla hajafa angependa kuona mnara unaomwonyesha mtu mweusi akiwa amesimama wima, si aliyepiga magoti kama mnyama wa miguu minne, na kwamba bustani hiyo bado ina nafasi ya mnara mwingine. Boston walikuwa na nakala ya sanamu hiyo hiyo tangu 1879. Waliiondoa Desemba 2020. Ya Washington ingalipo. Ukisoma ubishi wa kuiondoa au kuiacha, kumbuka dola 5 za Charlotte Scott na goti la Archer Alexander kwa pamoja. Anayekutajia moja bila jingine anakupigia debe.

Ukifika Boston, nenda Beacon Street, mkabala na jengo la serikali ya jimbo la Massachusetts. Kuna mchongo wa shaba wa Augustus Saint-Gaudens uliozinduliwa tarehe 31 Mei 1897: Kanali Robert Gould Shaw juu ya farasi, na kando yake askari weusi wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, waliopigania upande wa serikali, wakitembea na bunduki begani. Simama karibu kabisa, usawa wa nyuso zao. Hakuna mbili zinazofanana. Mmoja ana ndevu za mzee, mwingine ni kijana hajaota hata za kunyoa. Mchongaji alilipa watu waje wakae mbele yake. Sasa tafuta majina. La Shaw limekuwepo tangu mwanzo. Ya askari weusi waliokufa naye kwenye ngome ya waasi ya Wagner, Julai 1863, yaliongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyuso zilitangulia majina kwa zaidi ya miaka 80. Na jambo ambalo shaba haikusemi: askari hawa waliahidiwa mshahara sawa na wenzao, dola 13 kwa mwezi, wakapewa 10 na kukatwa 3 za nguo. Walikataa kupokea hata senti, wakaendelea kupigana hivyo hivyo hadi Bunge lilipokubali kusawazisha malipo mwaka 1864.

Kusini ndiko kanuni ya tarehe mbili inapouma zaidi. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe viliisha 1865. Robert E. Lee, jenerali wa walioasi, alifariki 1870. Sanamu yake kubwa ya Richmond, Virginia, ilisimamishwa 1890, ikateremshwa tarehe 8 Septemba 2021. Mbele ya mahakama nyingi za wilaya za kusini utakuta askari wa shaba au wa jiwe, na kwenye kitako jina la chama cha akina mama kilichoundwa 1894, United Daughters of the Confederacy. Nyingi ziliwekwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati majimbo hayo yalipokuwa yakiwanyang'anya weusi kura kwa sheria na kutenga shule, treni na mabomba ya maji. Halafu angalia Georgia. Mahakama Kuu ilipiga marufuku ubaguzi shuleni mwaka 1954. Mwaka 1956 jimbo likabadilisha bendera yake na kutia alama ya vita ya waasi, ikakaa hadi 2001. Kwenye mlima wa Stone Mountain, karibu na Atlanta, kazi ya kuchonga viongozi watatu wa waasi ilianza 1923, ikasimama kwa miongo, ikafufuliwa miaka ya 1960, ikamalizika 1972. Hifadhi yake ilifunguliwa rasmi tarehe 14 Aprili 1965. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi tangu risasi ya Lincoln.

Tarehe kwenye vitako mara nyingi huandikwa kwa namba za Kirumi, na wanafunzi wengi huzikosea. M ni 1000, D ni 500, C ni 100, L ni 50, X ni 10, V ni 5, I ni 1. Herufi ndogo kwa thamani ikitangulia kubwa, unaitoa. MCMXIV ni 1914, kwa kuwa CM ni 900. Atakayejumlisha kila herufi atapata 2116, na atajua ameharibu. Anayesoma MDCCCXC, yaani 1890, na kuishia kwenye 1910 hana wa kumshtua. Zunguka hadi nyuma ya kitako pia. Mbele huandikwa sifa. Wafadhili, mchongaji na marekebisho hukaa ubavuni au mgongoni. Piga picha ya maandishi pande zote nne kabla ya kumpiga marehemu mwenyewe, maana ukirudi chumbani sura utaipata intaneti, maandishi ya nyuma huenda usiyapate.

Kisha fungua magazeti ya siku zile. Maktaba ya Bunge la Marekani ina mkusanyo wa bure mtandaoni, Chronicling America, wa magazeti ya zamani yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Weka jina la mji, kisha bana tarehe: wiki mbili kabla ya uzinduzi na wiki mbili baada. Hotuba za uzinduzi mara nyingi zilichapwa nzima nzima, na humo wenyewe wanasema bila haya kwa nini wanaijenga. Usipopata kitu, usikimbilie kusema hakipo. Kompyuta husoma vibaya wino uliofifia, basi jaribu neno moja moja badala ya sentensi; na magazeti hayo yalitumia maneno yao, kwa hiyo tafuta “colored” na “Negro”, si msamiati wa leo. Ukiwa Washington, kadi ya msomaji ya maktaba hiyo ni bure kwa aliyefikisha miaka 16. Pasipoti yako inatosha kama kitambulisho.

Kuhusu jumba la ukumbusho la Lincoln, lile alimokaa kwenye kiti, nenda asubuhi. Linatazama mashariki, jua linaingia moja kwa moja. Kwenye ukuta wa kaskazini, ndani ya hotuba ya kuapishwa mara ya pili, tafuta neno FUTURE: fundi alichonga E badala ya F, na mstari wa chini uliozibwa bado unaonekana. Vidato 18 chini ya sanamu pamechongwa mahali aliposimama Martin Luther King tarehe 28 Agosti 1963. Jua la utosini huzifanya herufi zipotee kwenye jiwe. Mwanga wa ubavuni huzirudisha. Zisome hadi mwisho, maana zinataja maandamano ya kazi na uhuru, na neno kazi ndilo linalosahaulika kwenye hotuba za shule. Jumba lilipozinduliwa, Mei 1922, wageni weusi walitengewa viti vyao kando, na hotuba ya Robert Moton, mkuu wa chuo cha weusi cha Tuskegee, ilikatwakatwa kabla hajaisoma. Jumba hilo nalo lina tarehe mbili.

Makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi, yaliyofunguliwa Septemba 2016, hayana kiingilio ila yanataka tiketi ya muda maalumu uliyoichukua mapema mtandaoni. Anzia chini kabisa, ardhini, karne ya 15, upande kidogo kidogo. Wengi huanza juu kwenye muziki na michezo, wakishuka wanakuta milango inafungwa.

Kabla ya kuondoka mjini, rudi Lincoln Park, upande wa pili wa uwanja. Mwaka 1974 Baraza la Taifa la Wanawake Weusi lilimsimamisha pale Mary McLeod Bethune, mwalimu aliyelianzisha baraza hilo 1935, akiwakabidhi watoto wawili urithi wake. Wote watatu wamesimama. Ili Lincoln asimpe mama huyo mgongo, sanamu yake iligeuzwa imtazame. Ukimpiga picha ya uso leo, Bunge liko nyuma yake. Mwaka 1876 lilikuwa mbele ya macho yake.