Kiwanda janja: tunabishana roboti wakati hasara iko kwenye dakika

Juzi pale Njiro, hapa Arusha, wakati wa chai ubishi uliwaka, jamaa mmoja akasema hizi teknolojia janja za viwandani, yani vifaa na kompyuta zinazofuatilia mashine zenyewe, ni mambo ya Wajerumani, na kweli jina la Industrie 4.0 walilitoa wao kwenye maonyesho ya Hannover 2011, ila akasema huku kwetu zitaleta kitu kimoja tu, kupunguza vijana kazini. Namwelewa kabisa. Mtu anayeamka Ngaramtoni saa kumi na moja kuwahi kibarua hawezi kusikia neno automesheni akafurahi.

Ila kuna hesabu moja natamani kila mwenye kiwanda aibandike ukutani. Mashine yako inatembea asilimia 90 ya muda uliopanga. Ikitembea, iko asilimia 90 ya spidi yake. Na mali inayotoka, asilimia 90 ndo nzima. Ukimuuliza supavaiza atakwambia tuko vizuri, tisini kila mahali. Sasa zidisha zote tatu, unapata 72.9. Yani zaidi ya robo ya uwezo ulioulipia imeyeyuka na hakuna aliyeiba wala aliyelala kazini! Kipimo hiki kinaitwa OEE, yani ufanisi wa jumla wa mashine, kimetoka Japani, na kiwango kinachotajwa sana kwa viwanda bora ni 85, sio 100. Hiyo robo huioni kwa macho kwa sababu inaondoka kidogo kidogo, dakika nne mkanda umekwama, dakika sita opareta anamsubiri fundi, halafu kwenye daftari la shifti inaandikwa "mashine ilisumbua kidogo" basi. Sensa, yani kifaa kidogo cha kuhisi kinachohesabu chenyewe kila mashine inaposimama na imesimama muda gani, mwisho wa wiki inakuonyesha kumbe ni mashine ile ile, saa ile ile.

Nilishawahi kuwa upande wa matengenezo kwenye kiwanda kimoja hapa Arusha. Beringi ya mota ikaanza kulia Jumatano, tukaizoea ule mlio, Jumamosi usiku mota ikaungua. Kuisuka upya ikachukua siku nne na wale vibarua wa siku wakarudi nyumbani bila hela siku zote nne. Sensa ya mtetemo na joto ingepiga kelele Jumatano ile ile, tungesimamisha mashine kidogo tukabadilisha beringi kabla mota haijaungua. Kwa hiyo mtu akiniambia teknolojia inamnyima kibarua hela yake, mimi nawakumbuka wale waliokosa hela kwa sababu haikuwepo.

Umeme nao, wenye viwanda wanajua bili haiji kwa yuniti tu, kuna kVA, yani mzigo wa juu kabisa uliouvuta kwa mkupuo, ukiwasha mota zote asubuhi kwa pamoja kile kilele unakilipia. Mita janja inakuonyesha ni mashine zipi zisubiri robo saa.

Upande wa pili una hoja nzito. Umeme ukipanda na kushuka unaua vifaa vya kielektroniki, spea zinanunuliwa kwa dola, na kuna wauzaji wanaokufungia taarifa zako kwenye programu yao ukiacha kulipa kila mwezi huzioni. Kuunganisha mashine na mtandao nako kuna hatari, kampuni ya alumini ya Norsk Hydro ya Norway ilivamiwa na wadukuzi Machi 2019 watu wakarudi kwenye karatasi na kuendesha kwa mkono.

Na ajira, siwezi kumdanganya mtu. Mashine ya kufuma ya Sakichi Toyoda ya 1924 ilijisimamisha yenyewe uzi ukikatika, kitambaa kibovu kikapungua, lakini pia mtu mmoja akaweza kusimamia mashine nyingi. Mji wa nguo kama wetu lazima uliwaze hilo. Ila kiwanda cha matairi cha General Tyre kilifunga geti hapa hapa na hakuna roboti iliyochukua kazi ya mtu pale, kiwanda kikifa wanaondoka wote.

Mimi ningeanza na mashine moja, ile inayosumbua zaidi, sensa za bei ya kawaida, vijana wa Chuo cha Ufundi Arusha wapo, TEMDO, lile shirika la serikali la kubuni mashine, wapo. Halafu yule dada anayejaza daftari la shifti afundishwe kusoma grafu, maana anaijua ile mashine kuliko fundi yeyote wa kutoka nje, na hilo liandikwe kwenye mkataba wake kabla sensa ya kwanza haijafungwa.