Utafiti ukitoka maabara kuwa kampuni, nani anahama nao?

Kuna ubishi ambao ukikaa na watafiti hauishi. Mtu ana matokeo mazuri maabara, miaka minne mitano kayahangaikia, sasa kila anayekutana naye anamwambia fungua kampuni bana, umekalia dhahabu. Alafu kuna wale wakongwe wa chuo wanaosema kazi ya mtafiti ni kutafiti na kufundisha, biashara ina wenyewe, hela ikiingia maabara sayansi inatoka kwa mlango wa nyuma. Nimewasikiliza wote muda sasa na kila upande una hoja, ila naona wanarukia swali la pili wakati la kwanza bado halijajibiwa. La kwanza ni hili tu: huo utafiti ukitoka, nani anatoka nao? Yaani nani anaacha kazi yake, anaamka asubuhi na hana kingine cha kufanya zaidi ya hiyo kampuni?

Wanaosema fungua hawakosi kutaja Google, sasa tuitaje mapema tumalizane nayo. Larry Page na Sergey Brin walikuwa wanafunzi wa PhD pale chuo cha Stanford, Marekani, PageRank, yaani njia ya kupanga kurasa za mtandao kwa umuhimu wake, ilikuwa kazi yao ya utafiti, patenti, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine kuutumia uvumbuzi, ikawa ya chuo, kampuni ikasajiliwa Septemba 1998. Chuo kikapata hisa kama milioni 1.8 kwa ajili ya leseni, yaani ruhusa ya kuitumia patenti hiyo, na kilipokuja kuziuza kikaingiza dola milioni 336. Hiyo sehemu ndo inayopendwa. Isiyosimuliwa sana ni kwamba hawa jamaa hawakuwa na haraka ya biashara hata kidogo, kwanza walizunguka kwenye kampuni za injini za kutafuta wakitaka mtu aichukue teknolojia, hakuna aliyeitaka, na hata mwaka 1999 kampuni ikiwa tayari ipo waliipeleka kwa Excite, moja ya hizo injini za kutafuta, wainunue kwa kama dola milioni 1, wakashusha mpaka 750,000, bado wakaambiwa hapana. Kwa hiyo waliingia kwenye kampuni baada ya mlango wa leseni kugoma, na walipoingia waliingia mzima mzima, PhD ikabaki pale pale walipoiachia.

Ila mfano ambao mimi naurudia kila nikibishana na mtu ni wa zamani zaidi, na uzuri wake ni kwamba uvumbuzi ni uleule mmoja lakini ulipita njia zote mbili. Mwaka 1973 Stanley Cohen wa Stanford na Herbert Boyer wa UCSF, Chuo Kikuu cha California pale San Francisco, walichapisha makala kuonyesha jinsi ya kukata DNA, kuiunga na nyingine, alafu kuiingiza kwenye bakteria nao wakainakili kila wanapozaliana. Wao walichapisha wakaendelea na maisha. Mwezi Mei 1974 Niels Reimers, ofisa wa Stanford aliyekuwa anashughulikia leseni, akaisoma habari hiyo gazetini akamfuata Cohen kuuliza mbona hakuna patenti. Cohen hakuwa na hamu, alishawishiwa. Sasa sheria ya Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja tu tangu alipochapisha, na ombi lao liliingia Novemba 1974 ikiwa imebaki kama wiki moja. Wiki moja! Kwingine kwingi hawakupata kitu, maana Ulaya kwa mfano ukishachapisha umeshajinyima, hakuna cha mwaka wala mwezi.

Hapa watu wanaumia mpaka leo na wala hawajui kama wameumia. Mwanafunzi anapeleka bango lake kwenye kongamano, amechora kila kitu vizuri, mishale na grafu, watu wanapiga picha na simu, anarudi amefurahi, miezi mitatu baadaye ndo anaanza kuuliza habari za patenti. Au tasnifu imeshawekwa maktaba ya chuo, mtu yeyote anaifungua. Wakongwe wanasema hiyo ndo raha ya sayansi, matokeo ni ya wote, na siwezi kuwapinga kwenye hilo, lakini basi achague akijua anachagua. Kuwasilisha ombi kabla ya kuchapisha hakukuzuii kuchapisha, kunakuchelewesha kidogo tu, na wengi wanaodhani ni lazima uchague kimoja wamekosa tu mtu wa kuwaambia mapema.

Turudi kwa Cohen na Boyer. Njia ya kwanza ilikuwa leseni. Stanford haikuuza kwa kampuni moja ikajifungia nayo, ilitoa leseni kwa yeyote aliyelipa, kampuni mamia zikachukua, na mpaka patenti zinaisha muda mwaka 1997 vyuo viwili hivi vilikuwa vimevuna kama dola milioni 255. Hakuna prof aliyelazimika kuacha darasa, hakuna aliyelala macho kwa ajili ya mishahara ya watu. Hii ni hoja nzito kabisa ya upande wa "usifungue kampuni" na nashangaa watu wake hawaitumii, wao wanakimbilia kusema hela ni chafu.

Njia ya pili ikaanza Januari 1976. Robert Swanson, kijana wa miaka 28 aliyekuwa kapoteza kazi kwenye kampuni ya uwekezaji, alikuwa anawapigia simu wanasayansi mmoja mmoja kuwauliza kama hii teknolojia inaweza kuwa biashara. Boyer akamkubalia dakika chache za mazungumzo, wakaishia kukaa masaa wakinywa bia. Kila mmoja akatoa dola 500, Aprili ikazaliwa Genentech. 1978 wakatangaza wamefanikiwa kutengeneza insulini ya binadamu kwa kutumia bakteria, na 1982 ikaruhusiwa kuuzwa Marekani kupitia kampuni ya dawa ya Eli Lilly.

Angalia vizuri nani alihama hapo. Boyer alibaki prof chuoni. Aliyeamka kila siku na Genentech peke yake kichwani ni Swanson, ambaye hata sio yeye aliyevumbua. Ndo maana ile hoja ya kwamba prof lazima aache chuo mimi siikubali, na ile ya kwamba prof ataendesha kampuni jioni baada ya kusahihisha mitihani siikubali mara mbili. Mshika mbili moja humponyoka, na ukitazama kinachoponyoka karibu kila mara ni kampuni, maana chuo kinalipa mshahara mwisho wa mwezi na kampuni hailipi.

Wakongwe hapa watanishika shati: sawa, Boyer alibaki, na maabara yake je? Hapo wana haki na sitawakwepa. Kazi za mwanzo za Genentech zilifanyika ndani ya maabara ya chuo chenyewe, wenzake walimsema sana, na mambo mengine yalikuja kulipuka miaka 20 baadaye. Kulikuwa na mtafiti aliyetoka UCSF kwenda Genentech, na kwenye kesi ya patenti ya homoni ya ukuaji kati ya chuo na Genentech alikiri mwenyewe kwamba karibu na saa sita usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1979 alirudi maabara ya chuo akabeba sampuli za DNA akaondoka nazo. Chupa ndogo tu zile, ukiziweka mfukoni hazionekani. Kesi iliisha mwaka 1999 kwa Genentech kukubali kulipa dola milioni 200. Wanaposema kampuni ikiingia maabara mipaka inafutika hawaongei hewa.

Na huo ni wizi wa wazi, kuna madhara ya kimyakimya ambayo hayafiki mahakamani. Chukulia mwanafunzi ambaye msimamizi wake ana kampuni. Kikao cha Jumatatu anaonyesha grafu yake mpya, mstari umepanda vizuri, kila mtu anaitikia kwa kichwa, alafu prof anasema hii tusiitoe kwanza, tusubiri. Tusubiri nini? Hakuna anayeuliza. Miezi sita inapita, kundi lingine linachapisha kitu kilekile, kampuni haijapungukiwa kitu ila mwanafunzi kapoteza sura nzima ya tasnifu. Huyu hana hisa, hana sauti, na barua yake ya kuombea kazi inaandikwa na mtu huyohuyo. Chuo ambacho hakina sheria kwamba prof mwenye kampuni asimsimamie peke yake mwanafunzi anayefanya kazi inayogusa kampuni hiyo, kinacheza.

Sasa tuje kwenye sayansi yenyewe, maana kuna imani kwamba matokeo yakiwa mazuri mengine yatajipanga. Hayajipangi. A123 Systems ilianza 2001 kutokana na utafiti wa betri wa chuo cha MIT huko Marekani, sayansi ilikuwa ya kweli, 2009 wakauza hisa kwa umma, serikali ya Marekani ikawapa ruzuku ya dola milioni 249. Oktoba 2012 wakafilisika. Soko la magari ya umeme lilikuwa bado changa, hilo liliwaumiza, ila kuna kidonda kingine kilichonishangaza nilipokisoma: betri mbovu zilizowalazimu kurudia oda kwa gharama ya kama dola milioni 55 zilitokana na mashine moja ya kuchomelea kiwandani ambayo haikuwa imepimwa sawasawa. Kemia haikuwa na shida, ni mashine ya kuchomelea. Hakuna jarida la kisayansi litakalokuomba matokeo ya mashine yako ya kuchomelea, na maabara ukitengeneza betri 20 zikafanya kazi 18 unaandika makala, kiwandani 18 kati ya 20 ni msiba. Huo umbali ndo watu wanauita bonde la mauti na hela ya utafiti huwa haivuki, wafadhili wa sayansi wanasema hiyo sasa ni biashara, wawekezaji wanasema hiyo bado ni sayansi, we uko katikati unawaangalia wote wawili.

Kuna hili la nani anamiliki nini, ambalo ndo linapigiwa kelele kuliko yote. Marekani tangu sheria ya Bayh-Dole ya 1980 vyuo vinaruhusiwa kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali. Hoja ya chuo inaeleweka: maabara yetu, mashine zetu, umeme wetu, na nyuma yake kodi ya mwananchi, we mtafiti ulete akili alafu uondoke na kila kitu? Ukiisikia hivo inaonekana haki tupu. Ila angalia Norway. Mpaka 2002 prof alimiliki uvumbuzi wake asilimia 100, kuanzia 2003 sheria ikageuka, chuo kikachukua theluthi mbili na yeye akabaki na theluthi. Wachumi Hans Hvide na Benjamin Jones walipolipima hilo, kwenye utafiti waliouchapisha 2018, walikuta kampuni zinazoanzishwa na watafiti wa vyuo zimepungua kwa karibu nusu, na patenti vilevile. Theluthi mbili ya kitu ambacho hakikuzaliwa ni ngapi?

Fanya hesabu mwenyewe. Chuo kichukue asilimia 50 ya hisa, hiyo 50 inayobaki wagawane watatu sawasawa, prof, posdok (mtafiti aliyemaliza PhD anayefanya kazi maabara kwa mkataba wa muda) na yule wa biashara, kila mmoja ana kama 17. Mwekezaji wa kwanza akija akachukua 20 ya kampuni nzima, posdok anashuka kwenye 13. Sasa huyu ndo aliyeacha kazi. Prof ana mshahara wake na 13 zilezile, chuo kina 40 na hakijaandika hata mstari mmoja wa programu ya kompyuta. Mwekezaji akiliona jedwali hilo anafunga kompyuta, haoni ubaya kwenye teknolojia, anaona hisa zimelala kwa watu wasiokuwepo.

Na usisaini karatasi bila kusoma, hata ya mlangoni. Mtafiti mmoja wa Stanford alisainiana na chuo kwamba anakubali kuja kukikabidhi uvumbuzi wake. Baadaye akaenda kujifunza PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, kwenye kampuni ya Cetus, akapewa fomu ya wageni, yenyewe ikasema anakabidhi hapohapo. Mahakama ya rufaa ikasema ya kwanza ni ahadi tu, ya pili ndo makabidhiano, na 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa hoja ya Stanford kwamba Bayh-Dole inawapa umiliki moja kwa moja. Kampuni ya dawa ya Roche, waliokuwa wameichukua kazi ya PCR ya Cetus na ndo waliokuwa wanabishana na Stanford mahakamani, wakashinda. Kwa fomu ya wageni!

Kwa hiyo nikiulizwa nasimama wapi, nasimama na leseni kama njia ya kawaida, na kampuni pale tu ambapo kuna mtu mwenye jina anayehama, na huyo ndo apate fungu kubwa kuliko prof na kuliko chuo. Najua shimo lililopo kwenye msimamo wangu. Anayeombwa ahame kwa kawaida ni yule mwenye akiba ndogo kuliko wote mezani. Prof akitaka kujaribu vyuo vingi vinampa likizo ya mwaka au miwili na kiti chake kinamsubiri, posdok mkataba wake unaisha Juni na hakuna anayemwekea kiti.