Kwa Nini Skrepu ya Nairobi Isilipwe kwa Simu?

Jumamosi nilipeleka mabomba ya shaba na boila kuukuu kwenye yadi ya skrepu, yaani vyuma chakavu, hapa Birmingham, Uingereza. Jamaa wa mizani hakugusa hata kipande kabla ya kuona kitambulisho changu na barua yenye anwani ya nyumba. Nikaomba pesa mkononi. Akakataa: ziingie benki, ama nirudi na shaba yangu. Nilikasirika, maana nilikuwa na haraka. Njiani nikamkumbuka mama kule Kayole, Nairobi, hasira ikageuka uchungu.

Mwaka jana transfoma ya mtaa wao ilifunguliwa usiku, mafuta yakanyonywa, shaba ikaenda. Siku kumi na moja bila stima. Mama huuza mala, na friji nzima iliharibika. Shaba ile ilielekea wapi, hakuna mtu wa pale asiyejua. Ilipandishwa mizani, ikalipwa noti, na noti haina jina.

Huku Uingereza wezi walikuwa wakikata nyaya za reli na kubandua madini ya risasi kwenye mapaa ya makanisa. Sheria ya 2013 ikamkataza mnunuzi wa vyuma chakavu kulipa taslimu, ikamtaka pia ahakikishe jina na makao ya muuzaji. Wizi haujaisha, lakini mwizi sharti aache jina lake mahali.

Najua mtaniambia: amepanda ndege, sasa anatufundisha. Hapana, wenzangu. Heathrow, uwanja wa ndege wa London, ilifungwa Machi 21, 2025 kwa sababu ya moto kwenye kituo kimoja cha umeme, North Hyde, na uchunguzi ukaonyesha dalili za unyevu ndani ya mtambo zilipatikana tangu 2018 zikaachwa. Sisi JKIA, uwanja wetu wa ndege wa Nairobi, ilikaa gizani Agosti 2023. Kwa hilo hakuna wa kumcheka mwenzake, wala mimi siabudu nchi ya watu.

Kinachonichoma ni kwamba dawa tunayo mfukoni. M-Pesa tumekuwa nayo tangu 2007! Mama mboga analipwa kwa simu, makanga analipwa kwa simu, sadaka inatumwa kwa simu. Nikiwaeleza wenzangu kazini hapa wanastaajabu, nami najivunia kweli kweli. Sasa inakuwaje gunia la shaba, mali inayoweza kuzima mtaa mzima, ndilo linunuliwe kwa noti?

Sheria ya vyuma chakavu tunayo tangu 2015. Januari 2022 minara ya laini ya umeme ya Kiambere–Embakasi ilipoanguka na nchi kuzimika, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya skrepu, na Mei ikafunguliwa. Miezi hiyo mzee wa mkokoteni wa Kariobangi, anayeokota masufuria yaliyotoboka, alikosa unga kwa kosa la mtu aliyepanda mnara na msumeno. Kufunga kila kitu na kisha kufungua kila kitu, hiyo naikataa. Ilindwe mizani. Kila kilo ilipwe kwa simu, kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho, na yadi inayolipa noti ipokonywe leseni.

Kuna atakayesema mzee huyo nitamwongezea mzigo. Mzee ana simu. Huenda hata akapona, kwa sababu leo askari wakiingia yadi humkamata yeye, aliye mlangoni na mkokoteni, na hana karatasi ya kuonyesha alichouza. Mwingine atasema wakubwa wa yadi wanajuana na wakubwa wengine. Hapo sina jibu la kumridhisha, na ndipo ninapokata tamaa mara kwa mara nikiwa huku mbali.

Jana nimempigia mama. Transfoma mpya imezungushiwa seng'enge, vijana wa mtaa wanakesha kwa zamu, na kila nyumba inatoa shilingi 50 kwa wiki. Yeye hutoa 100, kwa ajili ya friji. Anawatumia kwa M-Pesa.